Creon Ni Mjomba Wake

Nimechora mstari ule kwa mkono wangu, tena si mara moja. Ukifika kwenye tanzia ya Antigone, unachukua chaki, unagawa ubao katikati, kushoto unaandika FAMILIA, kulia SERIKALI. Antigone unamweka kushoto, Creon kulia, halafu unawaambia wanafunzi wanakili upesi kabla kengele haijalia. Nimefundisha hivyo miaka kadhaa katika vilima hivi vya Nyamira, na wanafunzi wangu wameandika insha nzuri juu ya mstari huo, wakapata alama.

Alasiri moja, darasani hapa Nyaramba, mvua ikipiga mabati mpaka nikalazimika kupaza sauti, msichana wa dawati la nyuma aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu Creon si ni mjomba wake?"

"Ndiye. Ndugu ya mama yake."

"Na kijana wa Creon ndiye anataka kumwoa?"

"Ndiye."

"Sasa serikali ni nani hapo?"

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia tutafika huko. Kengele ikalia, hatukufika. Makala hii ndiyo jibu lake. Limechelewa, na nadhani sasa ana watoto wake mwenyewe wa kumuuliza maswali.

Mtazamo ninaoupinga unajulikana. Unasema kwamba tanzia za Kigiriki, hasa ile ya Sophocles iitwayo Antigone, zinaonyesha mapambano kati ya utiifu kwa jamaa na utiifu kwa sheria ya dola. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefundisha Berlin miaka ya 1820, ndiye aliyeupa uzito: haki mbili, zote halali, zinagongana, na kila mmoja anaangamia kwa kuwa ameiona yake tu. Tangu hapo vitabu vya mwongozo vimekuwa vikimnakili, vingine bila hata kujua vinamnakili nani.

Ukifika kwetu, mtazamo huo unavaa nguo nyingine. Familia inaitwa mila, dola inaitwa Katiba. Kwenye matanga, mzee akishika kipaza sauti atakuambia sheria za Nairobi zinavunja boma. Kwenye warsha ya hotelini mjini Kisii, mwezeshaji mwenye projekta atakuambia mila ndiyo adui, na sheria ndiyo itakayomwokoa mwanamke. Hawa wawili hawasalimiani, lakini ubao wao ni mmoja. Wametofautiana tu juu ya upande wa kushangilia.

Mimi nasema mstari wenyewe haupo. Katika tanzia za Kigiriki, kama katika boma zetu, serikali haisimami nje ya nyumba ikibisha hodi. Imo ndani, imekalia kiti cha mzee. Ugomvi ni wa ndugu kwa ndugu, na kinachogombewa ni nani kati yao ataiita sheria imsaidie.

Tuanze na mchezo wenyewe, uliochezwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Oedipus, mfalme wa Thebes, amekufa, ameacha wana wawili, Eteocles na Polynices, na mabinti wawili, Antigone na Ismene. Wana wanagombania kiti cha baba. Polynices anafukuzwa, anaenda Argos, anarudi na jeshi la wakwe zake. Ndugu wanauana langoni pa Thebes siku moja. Mtu wa Nyaramba hahitaji profesa amfafanulie hapo: ni kesi ya mirathi iliyokosa msimamizi, ikaishia kwenye panga. Anabaki mjomba, Creon, anashika utawala. Amri yake ya kwanza ni kwamba Eteocles azikwe kwa heshima na Polynices aachwe juani, aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika auawe.

Hapo ndipo chaki huharakisha kuandika SERIKALI. Lakini sikiliza jinsi Creon anavyojitambulisha mbele ya wazee wa mji. Hasemi kwamba amechaguliwa, wala kwamba katiba ya Thebes imempa mamlaka. Anasema kiti ni chake kwa sababu ndiye jamaa wa karibu zaidi wa waliokufa. Yaani mamlaka yake yote ya kidola ameyapata kwa njia ya ujamaa. Ni mrithi. Baadaye, akigombana na mwanawe Haemon, anatoa hoja ambayo mzee yeyote wa ukoo angeitia sahihi: nikilea utovu wa nidhamu ndani ya nyumba yangu, nitawezaje kuwatawala walio nje? Na anarudia mara kwa mara, kwa hasira inayomwaibisha, kwamba hatashindwa na mwanamke. Huyo ndiye mtu tunayemwita sauti ya sheria isiyojua jamaa.

Mtumishi wa serikali halisi katika mchezo ule ni mmoja tu, yule mlinzi wa maiti. Wenzake wamepiga kura kumtafuta wa kupeleka habari mbaya kwa mkubwa, kura imemwangukia. Anakuja anajikokota njiani, anasimama, anarudi nyuma, anajisemesha peke yake. Hana hoja yoyote kuhusu dola. Anataka kurudi nyumbani akiwa na kichwa chake shingoni. Nimewahi kumwona askari wa aina hiyo kwenye mazishi yenye ugomvi, amesimama karibu na shina la mparachichi, mbali kidogo na kaburi, akiangalia saa.

Na huyo Antigone tunayemwita mtetezi wa familia, familia yake ni ipi? Ismene ni dada yake wa tumbo moja, yuko hai. Anapokuja kutaka kufa pamoja naye, Antigone anamsukuma mbali kwa maneno makali, anamwambia akamwulize Creon, kwa kuwa huyo ndiye anayemjali. Haemon ni mchumba wake, na hatumsikii akiomba aishi kwa ajili yake. Halafu, akiwa njiani kwenda kufungiwa pangoni, anatoa hotuba iliyomsumbua sana mshairi Goethe, akatamani siku moja mtaalamu athibitishe kwamba Sophocles hakuiandika. Anasema asingevunja amri ile kwa ajili ya mume, wala kwa ajili ya mtoto. Mume mwingine angepatikana, na mtoto mwingine angezaliwa. Ila wazazi wake wako kaburini, hivyo kaka mwingine hawezi kuzaliwa.

Goethe alishtuka kwa sababu alikuwa amegawa ubao kama mimi. Mgusii, mtu wa vilima hivi, hashtuki. Binti asiyeolewa, ambaye ng'ombe zake za mahari, chiombe, hazijalipwa, bado ni wa nyumba ya mama yake, ile tunayoiita enyomba. Antigone anasema wazi yeye ni wa nani. Hatetei "familia" kama jina la jumla linaloandikwa ubaoni. Anatetea nyumba moja ndani ya jamaa dhidi ya nyumba nyingine ndani ya jamaa hiyohiyo, na nyumba hiyo nyingine ndiyo imeshika mji.

Aristotle, aliyekuwa karibu na mambo hayo kuliko Hegel kwa miaka zaidi ya elfu mbili, aliliona hilo. Katika kitabu chake kuhusu ushairi anasema adui akimuua adui, hakuna huruma ya tanzia hapo. Tanzia huja pale ndugu anapomuua ndugu, mwana anapomuua baba, mama mwana, mwana mama. Hakusema dola dhidi ya familia.

Sasa tuje Kenya, kwa sababu huku ndiko mstari ule umefanya madhara.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager, mpenzi mkubwa wa Shakespeare. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa nyumba ya Waiyaki, aliyepigania uhuru akiwa msichana, alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, na ukoo wakasema atazikwa Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Wakaenda mahakamani. John Khaminwa alimtetea mjane, Richard Kwach akautetea ukoo. Mchimba kaburi alitoa ushahidi. Profesa wa falsafa, Henry Odera Oruka, alitoa ushahidi. Nchi nzima ilisoma magazeti kama inavyosoma matokeo ya uchaguzi. Jaji Bosire aliamua tarehe 13 Februari 1987 kwamba azikwe Nyalgunga. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani, majaji Nyarangi, Platt na Gachuhi, ikakubaliana naye. Bosire na Nyarangi: majina ambayo hapa kwetu huwezi kuita rejista ya darasa bila kuyakuta. Maiti ilikuwa imekaa siku 154 ilipoteremshwa kaburini Nyalgunga tarehe 23 Mei. Wambui hakwenda.

Tangu wakati huo baadhi ya watu wenye kusoma wameifananisha kesi ile na Antigone. Vizuri. Basi nionyesheni Antigone ni nani.

Ni Wambui? Ni mwanamke peke yake mbele ya wanaume wenye mamlaka, anataka kumzika mtu wake, ananyimwa. Sawa. Lakini Wambui ndiye aliyeshika sheria iliyoandikwa. Ndoa yake ilifungwa mwaka 1963 kwa sheria ya ndoa ya serikali, na hoja yake ilikuwa kwamba mumewe aliishi maisha ya kisasa chini ya sheria za kisasa. Huyo kwenye ubao wetu anakaa upande wa Creon.

Basi ni Joash? Ni ndugu anayetaka kumzika ndugu yake kwa desturi ambazo hazikuandikwa na mtu yeyote. Hapo yuko upande wa Antigone kabisa. Lakini Joash alishinda kesi! Antigone gani huyu anayetoka kortini na amri ya Mahakama ya Rufani mkononi?

Wamejaribu kulitatua fumbo hilo kwa miaka mingi, wakimhamisha Wambui kulia, kisha kushoto, kama mtu anayehamisha kabati katika chumba kisichoitosha. Tatizo ni chumba. Kesi ile haikuwa ya familia dhidi ya dola. Ilikuwa ya watu wawili wa boma moja, mke na shemeji, na kila mmoja alikuwa na sheria mfukoni. Dola ilikuwa chombo. Kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 kiliwaagiza majaji waongozwe na sheria za kimila za Kiafrika katika kesi za madai, mradi hazipingani na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Kwa hiyo mila iliingia mahakamani kwa mlango wa mbele, imevaa joho. Mjane alipoambiwa kwamba mume wake hangeweza kuukimbia Ujaluo wake, aliyemwambia hakuwa mzee mwenye fimbo Nyalgunga. Alikuwa jaji wa Jamhuri ya Kenya.

Na hiyo mila yenyewe, jaji aliitoa wapi? Alisikiliza mashahidi, ni kweli. Lakini kwa ndoa na mirathi, kwa muda mrefu mawakili wetu wamekuwa wakifungua vitabu vya Eugene Cotran, juzuu la ndoa la mwaka 1968 na la mirathi la mwaka 1969, vilivyoandikwa baada ya serikali kukusanya mabaraza ya wazee wilaya kwa wilaya na kuwauliza desturi zao ni zipi. Kuhusu Wagusii, Philip Mayer alikuwa amekwisha kuandika juu ya mahari yetu mwaka 1950. Sisemi walidanganya. Nasema waliulizwa wazee, na wazee ni watu wenye mashamba na mabinti. Ukimwuliza Creon desturi za Thebes kuhusu wanawake, atakujibu vizuri, kwa ufasaha, nawe utaandika. Miaka hamsini baadaye mjukuu wake atafungua kitabu hicho mbele ya hakimu, na watu watasema: tazama, mila dhidi ya sheria.

Hapa Nyaramba jambo hili huhitaji kwenda maktaba kuliona. Aliyefia nyumbani hazikwi bila kibali cha mazishi, na kibali kiko kwa naibu wa chifu. Naibu wa chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, ana mhuri, ana kofia. Pia ni mtoto wa mtu, wa ukoo fulani, na mara nyingi ukoo huo ndio uliojaza hema. Mwanamke akifa kabla chiombe hazijalipwa, watu wa kwao huja kusema huyu bado ni binti yetu, hamtamzika hapa mpaka tuzungumze. Tumeona jeneza likisubiri kivulini wakati ng'ombe wanahesabiwa. Nani anaketi katikati kusuluhisha? Chifu. Mkataba unaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, unapigwa mhuri wa ofisi, kisha mchungaji anaruhusiwa kuomba. Niambie hapo mila inaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Na kumbuka cheo chenyewe cha chifu Wagusii hawakukirithi kwa mababu. Mwingereza alikuja nacho, alipofungua kituo chake Kisii mwaka 1907. Leo tunakiona cha jadi kama kigoda.

Nitaambiwa: sawa, hizo ni boma zetu, lakini Wagiriki walikuwa na tanzia nyingine ambamo dola inashinda damu kweli, nayo ni Oresteia ya Aeschylus, ya mwaka 458 kabla ya Kristo. Clytemnestra amemuua mumewe, Agamemnon. Mwanawe Orestes amemuua mama kulipiza kisasi cha baba. Mizuka ya kisasi inamfukuza mpaka Athens, na huko mungu Athena anaunda mahakama, kesi inasikilizwa, kura zinapigwa. Vitabu vyote vinasema: hapa ndipo kisasi cha ukoo kilipokufa na sheria ya dola ikazaliwa.

Soma hukumu. Apollo, wakili wa Orestes, hatoi hoja kwamba dola iko juu ya jamaa. Anatoa hoja kwamba mama si mzazi. Mzazi ni baba. Mama ni mlezi tu wa mbegu aliyopewa kutunza. (Hoja hii ingekuwa na kazi ngumu kwetu, maana katika Ekegusii neno "baba" maana yake ni mama, na baba tunamwita "tata".) Kura zikalingana. Athena, asiyezaliwa na mama, akaegemea upande wa baba, na Orestes akaachiliwa. Yaani mahakama hii ya dola, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuamua jamaa yupi ni jamaa. Damu ya baba ikapewa hati, damu ya mama ikaambiwa ni maziwa tu. Familia haikushindwa pale. Nusu yake ilishinda, na nusu nyingine ikatafutiwa makao ya heshima chini ya ardhi.

Ndiyo maana sijali sana mwezeshaji wa projekta akiniambia sheria itakuja kuokoa. Sheria imekuja kitambo. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na haibagui mwana na binti. Kaunti zetu hazimo katika orodha ya zile wilaya za wafugaji zilizoachiwa mila kwa mashamba na mifugo. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa sababu wataolewa. Mwaka 2010 Katiba ikasema mila inayopingana nayo ni batili. Yote hayo ni ya kweli na ni mazuri. Lakini angalia jina la kesi: Rono dhidi ya Rono. Hakuna mkombozi aliyetoka nje. Walikuwa watu wa boma moja, na mabinti waliovumilia kukaa kortini wakitazamana na kaka zao.

Kuna pingamizi moja lililonisumbua zaidi, nami sitalikwepa. Vipi maiti ambazo dola kweli ilizinyima ndugu zao? Januari 1908, Otenyo, kijana wa Kitutu, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, akihimizwa na Moraa, mwanamke mwonaji ambaye kila mtoto wa Kisii amesikia habari zake. Otenyo aliuawa, na mpaka leo Wagusii wanadai kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wanataka kirudi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kufukiwa bila alama. Je, hapo si dola upande mmoja na jamaa upande mwingine?

Kwa Otenyo, ndiyo. Naikubali. Lakini hapo hatuna tanzia ya Kigiriki. Tuna vita. Northcote hakuwa mjomba wa mtu. Mgeni mwenye bunduki kumnyima adui yake kaburi ni ukatili, na Aristotle angesema hatuna haja ya mchezo wa kuigiza kutufundisha tuuchukie.

Kimathi ndiye anayeonyesha ninachosema. Mwingereza aliondoka mwaka 1963. Walioshika ufunguo wa Kamiti baada ya hapo hawakuwa wageni tena. Walikuwa watu wa nyumbani, wengine wa lugha yake, wengine waliokula kiapo kilekile. Mjane wake, Mukami, aliendelea kuomba mifupa ya mumewe kutoka serikali hadi serikali, akapokewa vizuri, akapewa viti vya mbele kwenye sherehe. Alifariki Mei 2023 bila kumzika. Miaka sita ya kukataliwa na mgeni, karibu sitini ya kukosa kusaidiwa na jamaa. Hiyo miaka sitini ndiyo tanzia.

Nimalizie kwa kipande cha karatasi, kwa sababu mambo haya tukiyaacha kwa Wagiriki yanageuka kuwa mapambo ya mtihani.

Mtu akifa hapa akiacha shamba, watoto wakitaka kugawana kisheria, faili hufunguliwa mahakamani, na moja ya karatasi za kwanza zinazotakiwa ni barua ya chifu. Barua yenyewe ni fupi. Inasema chifu anamfahamu marehemu, alikuwa wa kata ndogo fulani, na warithi wake ni hawa wafuatao. Kisha majina yenye nambari. Chini, sahihi na mhuri wa zambarau. Nimeishika barua ya aina hiyo mkononi, ya watu wa karibu yangu. Nambari moja mpaka tano walikuwa wana, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mabinti wa boma lile nawajua, wanne, wawili nimewafundisha. Hawakuwemo. Nilipouliza, mmoja wa wana, mtu mpole, asiye na nia mbaya hata kidogo, alinijibu: "Mwalimu, hao wameolewa. Na chifu mwenyewe ni mtu wetu, anatujua."

Anatujua. Hakuna aliyevunja sheria kwa kelele, hakuna aliyetaja mila, hakuna mzee aliyegonga fimbo. Karatasi ya serikali iliandikwa kifamilia, ikapigwa mhuri, ikapelekwa kwa hakimu, na hakimu asiyeambiwa hawezi kuuliza habari za watu ambao kwenye karatasi hawajazaliwa. Antigone wa sasa hafungiwi pangoni. Anaachwa nje ya orodha, na akija kulalamika anaambiwa na kaka zake kwamba anawapeleka ndugu kwenye serikali.

Huko ndiko mstari wangu wa chaki ulikofika. Nilimfundisha msichana kwamba akienda kortini ameisaliti familia, na nikamfundisha kaka yake kwamba kortini ni mahali pa wageni, huku yeye tayari yuko huko, ndani ya faili, nambari moja. Wale wanaolia kwamba Nairobi inavunja boma wanasahau ni nani aliyekwenda Nairobi kwanza.

Tazama pia mwisho wa Creon, ambao siku zote tunauharakisha kwa sababu kengele inakaribia kulia. Anapogeuza nia, anaanza na kumzika Polynices, kisha anaelekea pangoni. Amechelewa. Antigone amejinyonga, Haemon anajichoma upanga mbele ya baba yake, na Eurydice, mama wa kijana, akisikia, anajiua nyumbani. Mji wa Thebes haukuanguka. Hakuna jeshi lililoingia, hakuna sheria iliyofutwa. Kilichobomoka ni nyumba ya mjomba, na yeye mwenyewe anasema mbele ya watu kwamba amewaua wake.

Basi kama baba yenu amefariki, na mmeambiwa mambo ya shamba yanashughulikiwa, panda matatu uende Nyamira au popote faili lilipo. Uliza dirishani, lipa ada ya kulikagua, omba barua ya chifu. Isome majina yake moja baada ya jingine, kisha hesabu mabinti wa mama yenu.